Maoni Chini ya Uso wa Mama

Mimi ndiye niliyempeleka mama kwenye ile filamu, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Nafundisha Kiingereza katika sekondari moja ya kutwa hapa mjini Mtwara, na nimepanga vyumba viwili Ufukoni. Siku moja saa ya mapumziko mkuu wa shule aliniita ofisini kwake. Alikuwa na mgeni, binti wa miaka ishirini na kitu kutoka Dar, viatu vimejaa vumbi. Alijieleza kuwa anaratibu kazi ya watu wa nje wanaotengeneza filamu fupi. Filamu hiyo ni tawi la mfululizo mkubwa wa hadithi za anga, zile za vyombo vinavyoruka kutoka sayari moja hadi nyingine, ambazo wanafunzi wangu wanazijua kuliko mashairi ya mtihani. Wageni wake walikuwa wamechagua matope ya mlango wa mto Ruvuma yawe sayari iliyokaukiwa na maji. Sasa walimtaka mwanamke mzee mwenye nembo usoni, zile chale za jadi za Kimakonde.

"Za kweli," alisema. "Hawataki kuchora."

Mkuu wa shule alinitazama. Pale shuleni wote wanamjua mama, maana kila akija mjini hupita kunisalimu na fungu la mihogo kichwani. Anaishi Mpapura, kwenye shamba la korosho alilobaki nalo baada ya baba kufariki. Nembo zake alichanjwa akiwa msichana: mistari ya pembepembe mashavuni na kwenye kipaji cha uso, na juu ya mdomo pana kovu la tundu la ndonya, kile kipande cha mti cha urembo wa mdomo, lililoziba zamani. Wenzake wa sura hiyo wamebaki wachache. Nilipokuwa darasa la saba nilikuwa nikitembea hatua kadhaa mbele yake tukija mjini, watu wasijue ni mama yangu.

Nilidhani atakataa. Ni mtu wa swala tano, na picha hazipendi. Tulimkuta barazani anapepeta unga. Binti alipiga magoti, akasema shikamoo bibi, akaeleza kila kitu polepole. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama ataruhusiwa kubaki na ushungi wake. Binti akasema ndiyo.

"Na hiyo picha itaonekana wapi?"

"Dunia nzima, bibi. Popote penye simu."

"Hata ng'ambo?"

Ng'ambo kwetu si Ulaya. Ni upande wa pili wa mto, Msumbiji. Binti hakujua hilo, akajibu tu, "Hata ng'ambo, bibi."

"Basi nitakuja," mama akasema, akaendelea kupepeta.

Ningepaswa kuelewa palepale. Mdogo wangu, kitindamimba wa mama, alivuka mto miaka sita iliyopita kwenda kuuza nguo za mitumba. Mwaka wa kwanza alipiga simu kila Ijumaa baada ya swala. Kisha mambo ya kule yakaharibika, watu wakavikimbia vijiji vyao, na simu yake ikawa haipatikani. Tuliwauliza waliorudi. Mmoja alisema alimwona kambini. Mwingine alisema alipanda lori la kuelekea kusini. Wa tatu, mzee tuliyekuwa tukimwamini, aliinamisha kichwa akaomba maji ya kunywa, na hatukumuuliza tena.

Siku ya kupiga picha walitufuata kwa gari asubuhi na mapema. Tulipita Madimba, wageni wakashusha vioo kuyatazama mabomba ya kiwanda cha gesi na kusema wangeyataka kwenye filamu yao, dereva akawaambia wasahau. Kule mlangoni maji yalikuwa yamekupwa, matope yanang'aa mpaka macho yanauma. Walimvika mama shuka la kijivu juu ya nguo zake, wakamsimamisha peke yake mbali kabisa, ambako mikoko inaishia. Mwongozaji alikuwa kijana mpole, mweupe, pua imebabuka jua. Alisema maneno, binti wa Dar akayapeleka kwa mama kwa Kiswahili: aseme lolote kwa lugha yake, kana kwamba anamwita mtu aliye mbali. Baadaye wao wataandika maana yao chini ya picha.

Mimi niliambiwa nikae nyuma ya mitambo. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kwangu kwenda kwake, kwa hiyo niliona midomo yake ikicheza tu. Alisema kwa muda mrefu kuliko walivyotarajia. Alipomaliza, mwongozaji alikuwa amejishika kifua. Hawakurudia.

"Umesema nini, mama?" nilimuuliza njiani.

"Wamesema niseme lolote."

Filamu ilitoka miezi kadhaa baadaye. Niliitazama kwenye simu katika ofisi ya walimu, sauti nimeipunguza. Ilikuwa ya dakika kumi na mbili. Wasafiri watatu wanateremka kutoka kwenye chombo chao, wanatafuta maji, wanamkuta mwanamke mzee amesimama kwenye matope. Anawaambia kitu kwa lugha ya sayari ile. Chini pameandikwa kwa Kiingereza: Geukeni. Hapa hapana maji ya kuwatosha nyinyi na sisi.

Lakini mimi nilisikia Kimakonde. Mama alianza kwa kumtaja mdogo wangu kwa jina lake la nyumbani. Akasema: ni mimi mama yako. Baba yako amekufa, tumemzika upande wa mkorosho mkubwa. Nyumba tumeiezeka bati. Hakuna anayekudai chochote wala aliyekukasirikia. Kama huna kitu, njoo hivyohivyo. Kama huwezi kuja, mtume mtu aje aniambie ulipo.

Niliweka simu kifudifudi mezani. Mwalimu wa Jiografia aliniuliza kama naumwa, nikasema ni kichwa.

Jumamosi nilikwenda Mpapura. Mtandao kule ni wa kubahatisha, ila siku ile ulikubali, nikamfungulia sehemu ile ya mama. Aliitazama mara moja tu, mkono mdomoni.

"Sauti inasikika vizuri," alisema. "Na watu wameona?"

"Wengi sana, mama. Wanaandika na maoni chini yake."

"Maoni gani?"

"Kila mtu anaandika alichofikiri."

Akauliza lile swali ambalo angekuja kuniuliza Jumamosi nyingi zilizofuata. "Kuna aliyeitika?"

Nikamwambia sijasoma yote. Ilikuwa kweli. Yalikuwa mengi kupita nguvu ya mtu mmoja, na yaliongezeka kila nilipoyafungua. Basi ndiyo ikawa kazi yangu. Kila siku baada ya vipindi nilikaa na simu nikisoma maoni ya watu wa nchi nisizozijua, natafuta jina moja. Nilipiga picha ya yale niliyodhani mama anaweza kuyasikia, Jumamosi nikampelekea na kumfasiria.

Sikujua kwamba watu wanaweza kuwa na mengi hivyo ya kusema kuhusu dakika kumi na mbili. Mmoja alikasirika kwa sababu katika sehemu ya tatu ya mfululizo ilisemwa wazi kuwa sayari ile haina wakazi. Mwingine alimjibu kwa aya saba. Yuko aliyehesabu taa za chombo akakuta imepungua moja. Yuko aliyesema amelia kazini hadi bosi wake akamtuma nyumbani, na hajui kwa nini, maana yule bibi haonekani zaidi ya dakika moja. Hayo nilimsomea mama.

"Mtu mzima kalia?" aliuliza.

"Anasema hivyo."

"Mungu amfariji."

Kisha yalikuwepo ya uso wake. Wengine walimsifu aliyempaka, wakasema anastahili tuzo. Wengine walisema ni mpira wa bei rahisi, unaonekana pembeni mwa pua ulipogandishiwa. Watu wawili walibishana siku nne nzima, mmoja akisema ni mpira, mwingine akisema ni kompyuta. Nilijaribu kuyaruka hayo, lakini mama ana masikio ya kujua mtu anapomeza maneno.

"Hapo umeruka. Soma."

Nikasoma. Alijishika shavu, akalivuta, akalivuta tena.

"Mpira!" akasema. Akacheka kweli, hadi akafuta machozi kwa ncha ya khanga. "Waambie waje wavute."

Niliwaandikia. Niliandika kwa Kiingereza safi: huyu ni mama yangu mzazi, alama hizi ni za kwake, alichanjwa akiwa msichana. Maneno yangu yalikaa pale kidogo, yakasukumwa chini na mengine. Mtu mmoja tu alinijibu. Aliandika: ndiyo, na mimi baba yangu ndiye nahodha wa chombo.

Yaliyoniumiza zaidi yalikuwa ya lugha. Nilikuja kugundua kwamba mfululizo ule una lugha yake, iliyobuniwa mezani, yenye kamusi na sarufi, na wako watu walioisomea hadi wanaandikiana barua kwayo. Hao walikasirika kuliko wote. Walisema yule bibi anabwabwaja. Walisema ni dharau kwa mashabiki kuweka kelele zisizo na maana wakati lugha kamili ipo. Mmoja alikuwa ameichambua sauti ya mama pumzi kwa pumzi, akahitimisha kwamba haina muundo wowote, kwamba ni mtu anayebuni huku anasema.

Hilo sikumsomea. Alinitazama, akaniacha.

"Kuna aliyeitika?"

"Bado, mama."

Niliwaza kumwambia aache. Nilitafuta maneno njia nzima ya kurudi mjini, Jumamosi baada ya Jumamosi. Ningemwambia nini? Kwamba mdogo wangu hakuwahi kupenda filamu za anga? Kwamba kama yu hai, huenda hana hata simu ya tochi? Alijua. Lakini sauti yake ilikuwa imetoka ikaenda mahali, na yeye alikuwa na haki ya kuuliza imefika wapi.

Yale maoni niliyaona siku ya Jumatano, mapumziko ya saa nne. Yaliandikwa kwa Kimakonde, kwa maandishi ya ng'ambo, wanavyoandika wao kwa kufuata Kireno, ile herufi ya eksi pale ambapo sisi tungeweka sh. Nilisoma mara tatu ndipo nikaamini. Aliandika: Huyu bibi anamwita nani? Nilifanya kazi na mtu wa jina hilo. Mkono wake wa kushoto una kovu la moto. Bibi ni wa wapi?

Mdogo wangu hakuwa na kovu la moto. Lakini miaka sita ni mingi, na moto umewapata wengi kule. Niliandika haraka: bibi ni wa Mpapura, Mtwara, mimi ni binti yake, anayemwita ni mdogo wangu, huyo mtu yuko wapi, yu mzima? Nikaweka na namba yangu ya simu. Kengele ikalia. Nikaiweka simu kwenye mkoba nikaingia darasani, na kwa dakika themanini nilifundisha jambo ambalo mpaka leo silikumbuki.

Kabla ya kutoka shuleni nilifanya kosa. Nilimpigia mama.

"Kaitika?" aliuliza kabla sijamaliza salamu.

"Si yeye, mama. Ni mtu anayeuliza. Huenda si yeye kabisa. Anasema huyo anayemjua ana kovu."

"Kovu la wapi?"

"Mkono wa kushoto. La moto."

Nilisikia anavuta pumzi. "Anatumia mkono wa kushoto," alisema. "Tangu mtoto. Kama ni kuungua, angeungua huo."

Nilikuwa nimesahau. Alhamisi hapakuwa na jibu. Niliangalia alfajiri, niliangalia kila kipindi kilipoisha. Ijumaa mchana, baada ya swala, nilifungua nikakuta kioo cheusi na mstari mmoja: Video hii haipatikani.

Nilidhani ni mtandao. Nilizima simu nikawasha. Nikaazima ya jirani. Filamu ilikuwa imeondolewa, na maoni yote yaliyokuwa chini yake yalikwenda nayo. Maneno ya yule mtu sikuwa nimeyapiga picha. Kila siku nilikuwa napiga picha za watu waliobishania mpira na taa, na huyu mmoja sikumpiga kwa sababu kengele ililia. Jina alilotumia lilikuwa herufi na tarakimu zisizo na maana. Nilikumbuka zile tatu za mwanzo tu.

Nilimpigia binti wa Dar. Alinisikiliza vizuri, mpaka mwisho.

"Dada, mimi niliajiriwa siku tano tu," alisema. "Ngoja niwaandikie. Nakuahidi nitawaandikia."

Jumamosi nilikwenda Mpapura bila kitu. Mama alikuwa amefagia chumba cha mdogo wangu na kuanika godoro juani. Wanawake wawili wa jirani walikuwa wamekaa barazani na nguo nzuri, kama watu wanaosubiri mgeni. Nilimsalimu kila mmoja. Kisha nikasema, nimesimama, kwamba filamu imeondolewa na maneno ya yule mtu yamekwenda nayo.

"Imeondolewa na nani?"

"Na wenyewe."

"Kwa nini?"

"Sijui, mama."

"Basi huyo mtu akiuliza tena, atamuuliza nani?"

Mmoja wa wale wanawake akasema, polepole, labda namba aliiona. Mama akasema labda. Jioni tuliliingiza godoro ndani, mimi huku na yeye kule.

Sababu niliijua Jumatatu. Filamu ilirudi, ikiwa na tangazo la furaha juu yake: Mashabiki wetu, tumewasikia. Walikuwa wamerekebisha yote yaliyolalamikiwa. Taa za chombo zilikuwa kamili. Nembo za mama walizipitishia rangi ya buluu inayowaka, zinapumua kama makaa, zisije zikafanana na mpira. Na sauti ilikuwa ya mwanamke mwingine, anazungumza ile lugha yenye kamusi, kwa ufasaha, neno kwa neno sawasawa na maandishi ya chini. Midomo walikuwa wameibadilisha ifuate.

Maoni yalikuwa mazuri mno. Waliandika: hivi ndivyo inavyotakiwa. Waliandika: asanteni kwa kutuheshimu.

Niliandika chini yake. Niliandika kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, kwa Kimakonde, na kwa Kireno nilichoombea msaada kwa mtu: Yule aliyeuliza habari za bibi, tafadhali rudi. Mtu mmoja aliniambia hapa si mahali pa matangazo. Niliwaandikia wenye filamu kwa ile anwani iliyowekwa, nikapata jibu lililotumwa na mashine, likinishukuru kwa kuwa shabiki. Binti wa Dar aliwaandikia mara mbili. Mara ya pili alinipigia mwenyewe kuniambia hawajajibu, na alikuwa analia, ikabidi mimi ndiye nimbembeleze.

Mama alitaka kuiona hiyo mpya. Nilimwonyesha, kwa sababu singeweza kumnyima. Aliutazama ule uso wa buluu hadi ukaondoka kwenye kioo.

"Nani huyo anayesema?"

"Simjui."

"Anasema nini?"

"Anawaambia waondoke. Hakuna maji."

Alirudisha simu mkononi mwangu. "Mimi sikumwambia mtu aondoke," alisema.

Simu yangu haikulia kwa namba ya ng'ambo wiki hiyo, wala mwezi ule. Ninaiacha wazi hata darasani, mkuu wa shule anajua na hasemi kitu. Shule ilipofungwa nilipata wazo ambalo ningelipata mapema kama ningekuwa na akili: tumrekodi mama wenyewe, kwa simu yangu, aseme yaleyale, tuyasambaze kwa watu wanaovuka mto. Mama alikubali upesi. Alioga, akavaa khanga mpya, akakaa kwenye kigoda mbele ya nyumba ili bati lionekane. Niliinua simu nikampa ishara.

Alifungua mdomo. Akaufunga. Akajitengeneza ushungi, akaitazama simu, akatazama shamba.

"Anza tu, mama. Mtaje jina."

"Naona kama nimeshamwambia," alisema. "Sijui niseme nini tena."

Nilisema tupumzike tujaribu kesho. Kesho yake alikataa kukaa kwenye kigoda, akasema ana kazi, korosho zimeanza kudondoka na hakuna wa kuziokota. Nilikwenda nikaokota naye hadi adhuhuri. Mambo yalibaki hapo. Ile rekodi bado ninayo, sekunde arobaini hivi, mama amekaa anatazama pembeni, kuku anapita nyuma yake. Sijaipeleka popote. Jumamosi nikienda, hunipokea mkoba, huuliza habari za wanafunzi, huniuliza kama nimekula. Swali lile haliulizi tena, na mimi hukaa nikilisubiri mpaka muda wa gari la kurudi unafika.